Sura ya Tano: Ruzizi Huingia Ziwani

Kitabu kilichonifanya msomaji nilikiacha mara tatu kabla ya kukimaliza. Mara ya kwanza niliishia ukurasa wa kumi na tisa. Mara ya pili nilivuka mia moja, nikakwama kwenye hesabu ndefu za shanga, nguo na nyaya za shaba ambazo msafara ulibeba ili kulipia njia. Mara ya tatu nilikiacha kwa hasira, na hasira hiyo nitaieleza mbele, maana haikuwa ya bure.

Ni kitabu cha Mwingereza Richard Burton juu ya safari yake na John Speke kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Kwa Kiingereza kilitoka London mwaka 1860, majuzuu mawili. Miaka miwili baadaye Hachette wa Paris walikichapa kwa Kifaransa kwa jina la Voyage aux grands lacs de l'Afrique orientale, na hicho ndicho nilichokuwa nacho, ndani ya simu iliyopasuka kioo pembeni. Rafiki yangu anayeishi Bujumbura alinipa faili lake akaniambia jambo moja tu: Uvira imo.

Hilo lilinitosha. Nilizaliwa Kilibula, mtaa wa Uvira, mji mwembamba uliolala kati ya milima ya Mitumba na maji. Ukiipa mgongo milima unaona ziwa, na ng'ambo yake, usiku, taa za Bujumbura. Shuleni nilisoma habari za mito ya Ulaya hadi nikaweza kuitaja kwa mpangilio. Ruzizi, mto tunaouvuka kila tukienda Bujumbura, sikuwahi kuuona katika kitabu. Nilikua nikidhani kwamba kuna mahali pa kuandikwa na mahali pa kuishi tu, na kwamba kwetu ni pa kuishi tu.

Lazima niseme tulivyofunzwa kusoma, kwa sababu ndipo ugumu wangu ulipoanzia. Darasa la kwanza na la pili tulisoma kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kikashika nafasi yote. Vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo mwalimu aliandika ubaoni nasi tukakopi. Sekondari zikaja nota, na chuoni zikaja silabasi. Nota ni chakula kilichokwisha kutafunwa: kila sentensi iliyomo ni jibu la swali litakaloulizwa kwenye mtihani. Mtu aliyelelewa kwa nota akifungua kitabu kizima hupotea. Hujiuliza mbona mwandishi hasemi anachotaka, mbona kurasa thelathini zimepita na hakuna mstari wa kupigia wino mwekundu. Hapo huamua ama kitabu ni kibaya ama kichwa chake ni kizito. Wengi huamua ni kichwa, wakakifunga, wasirudi tena. Huniuma ninapomsikia kijana mwenye diploma ya serikali akisema yeye si mtu wa vitabu, kana kwamba hilo ni jambo la kuzaliwa nalo, kama kuwa mrefu au mfupi. Hakuna aliyemwambia kwamba kurasa thelathini za mwanzo ni ngumu kwa kila mtu, na kwamba ugumu huo hauna uhusiano wowote na akili yake.

Mimi nami sikuambiwa. Niliona mwenyewe, kwa ushahidi wa daftari.

Nilipoanza kitabu mara ya pili niliamua kuandika kila neno la Kifaransa nisilolijua, na maana yake pembeni. Kurasa za mwanzo zilinigharimu maneno kumi na tano, ishirini kila moja. Nilikuwa nasoma kurasa mbili kwa usiku, na mdogo wangu akanizoea hivyo akaanza kuniuliza, “Yaya, ile kitabu haiishake?” Msafara ulipofika Ugogo maneno mapya yalikuwa yamepungua hadi matano kwa ukurasa. Ulipoingia Unyamwezi yalikuwa mawili, matatu. Sikuwa nimesoma sarufi yoyote katikati. Ni kwamba mwandishi ana maneno yake, na akishayatumia yote mara moja huanza kuyarudia. Anayevuka theluthi ya kwanza ya kitabu kigumu amekwisha kulipa sehemu kubwa ya nauli, naye aliyeishia ukurasa wa kumi na tisa amelipa bei ya juu kuliko wote bila kufika popote.

Mwaka 1986 mtaalamu wa saikolojia Keith Stanovich aliandika makala iliyojulikana sana juu ya jambo hili, akaliita kwa jina la Mathayo, kwa ajili ya ule mfano wa talanta ambamo mtumishi mwenye nyingi ndiye anayepewa hata ile ya mwenzake. Mtoto anayesoma kidogo hupata maneno, maneno yakamrahisishia kusoma zaidi, kusoma zaidi kukampa maneno mengine. Yule ambaye kusoma kunamtesa hukwepa kusoma, na pengo likapanuka kila mwaka. Ni habari ya kusikitisha ukiitazama upande wa aliyeachwa nyuma. Ila daftari langu linaonyesha kwamba gurudumu hilo mtu mzima naye anaweza kulisukuma, kurasa mbili kwa usiku, tochi ikiwa kwapani umeme ukikatika.

Sasa hasira yangu. Burton anawadharau watu wa bara. Anawaita wavivu, wezi, waongo, na anayasema hayo kwa utulivu kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Niliyavumilia kwa kurasa nyingi. Kisha nikafika mahali ambapo anaugua, miguu inapooza, hawezi kutembea, na anatafutiwa watu wa kumbeba kwa machela. Kwa muda mrefu mtu huyu alisafiri juu ya mabega ya wale wale aliowaita wavivu. Speke naye macho yalikuwa yamemharibika, hata walipofika kwenye ziwa mara ya kwanza aliliona kama ukungu. Watu waliombeba mmoja na kumwongoza mwingine ndio wanaotukanwa ndani ya kitabu. Nilizima simu nikakaa majuma mengi bila kukifungua.

Kuacha kitabu kinachokutukana ni haki yako, na simlaumu anayefanya hivyo. Mimi nilirudi, na si kwa kumsamehe Burton. Nilirudi kwa sababu alikuwa na kitu changu mfukoni mwake na nilitaka kukiona. Ila nilirudi na mbinu nyingine. Pembeni mwa daftari nilianza kuweka alama tatu: M kwa alichokiona kwa macho yake, S kwa alichosikia kwa watu, D kwa alichokidhani. Siku chache tu zilitosha kunionyesha kwamba matusi karibu yote yalikuwa D. Na mambo mengi yenye thamani, majina ya vijiji, njia, bei, ukoo wa watawala, mito inakotoka na inakokwenda, yalikuwa S. Yaani yalitoka vinywani mwa Waafrika na Waswahili na Waarabu waliokuwa wakimjibu maswali. Kitabu kilikuwa na waandishi wengi kuliko jina lililo juu ya jalada. Kwangu hiyo ndiyo zawadi ya kwanza kubwa, na haikunijia kwenye ukurasa mmoja maalumu. Ilinijia kwa kukaa na mtu yule yule muda mrefu hadi nikajua sauti yake inabadilika lini.

Walitoka pwani Juni 1857, wakaingia Ujiji Februari 1858, karibu miezi minane ya kutembea. Mimi kuwafuata hadi Ujiji kulinichukua miezi saba. Nilipogundua hivyo nilifurahi kupita kiasi.

Uvira imo, kweli. Wanaifikia tarehe 26 Aprili 1858, kwa mitumbwi miwili kutoka Ujiji, wakiwa na mtawala mmoja aitwaye Kannena aliyekubali kuwapeleka kwa malipo makubwa. Wakati huo Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha kaskazini ambacho wafanyabiashara wa pwani waliruhusiwa kufika, na bidhaa zake zilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Burton ana vidonda vya ulimi, kuongea hawezi vizuri. Lakini ana swali moja lililomleta: ule mto ulio kwenye ncha ya ziwa, Ruzizi, unatoka ziwani kwenda kaskazini, au unaingia? Kama unatoka, basi huenda Tanganyika ndiyo chanzo cha Nili, na yeye ndiye aliyekipata. Kabla ya hapo walikuwa wameelewa kwamba unatoka.

Wakamjia wana watatu wa mtawala wa hapo, Maruta. Walikuwa wameuona mto kwa macho yao. Wakasema unaingia. Na watu wote waliokuwa wamesimama pale wakasema vivyo hivyo: unaingia. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kupelekwa India utumwani na sasa alikuwa mkalimani wao, akasema kwamba maneno waliyoambiwa awali Speke hakuwa ameyaelewa sawasawa. Burton anaandika jinsi alivyovunjika moyo. Kannena akakataa kusonga mbele kwa kuwaogopa watu wa huko, wakageuza mitumbwi. Mdomo wa mto, ambao kutoka Kilibula unaufikia na kurudi siku hiyo hiyo na kula ubugali wa jioni nyumbani, hawakuuona kamwe.

Nilisoma ukurasa ule mara nne usiku huo. Kwa mara ya kwanza maishani niliona watu wa kwetu ndani ya kitabu wakiulizwa swali ambalo wataalamu wa London walikuwa wanakesha nalo, na wakilijibu sawasawa, kwa neno moja.

Kama ningeishia hapo ningeridhika. Lakini kitabu kilichosomwa hadi mwisho hakikubali kukaa peke yake, huita vingine. Speke aliliona ziwa la kaskazini, Nyanza, Agosti 1858, akatangaza kwamba hilo ndilo chanzo cha Nili, na urafiki wao ukafa. Septemba 1864 walitakiwa kukutana mbele ya wanajiografia mjini Bath wabishane hadharani. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mwaka huo huo Burton akatoa kitabu kingine, The Nile Basin, na humo akatetea kwamba Tanganyika humwaga maji yake kaskazini kwenda Nili. Kupitia mto gani? Ruzizi. Yule yule aliyechapisha ushahidi wa wana wa Maruta mwaka 1860 aliuweka pembeni miaka minne baadaye, kwa hoja kwamba mto hakuuona kwa macho.

Mtu aliyesoma kitabu cha 1864 peke yake angeweza kuamini. Mtu aliyekivumilia kile cha kwanza hadi ukurasa wa Uvira hawezi. Anamshika mwandishi mkono na kumrudisha kwenye maneno yake: bwana, uliambiwa, na uliandika. Mimi, niliyekuwa naogopa Kifaransa cha ofisini, niliweza kumkosoa mmoja wa wasomi wakubwa wa karne ya 19 kwa kutumia kitabu chake mwenyewe. Sijui cheo wala mshahara ambao ungenipa hisia ile.

Jambo lilimalizika Novemba 1871. David Livingstone na Henry Morton Stanley walipanda mtumbwi Ujiji, wakaja hadi ncha ya kaskazini, wakautazama Ruzizi. Unaingia. Ulaya ilichukua miaka kumi na tatu kukubali kilichosemwa Uvira kwa dakika chache.

Habari hii nilimsomea mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, ambaye namwita Papa kama mtaa mzima unavyomwita. Ndagala huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki juu. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa kila mwezi wakitengeneza nyavu. Siku hizo ndizo nilizokuwa namkuta. Nilikuwa nasoma Kifaransa kimyakimya sentensi moja, kisha naisema kwa Kiswahili chetu. Alisikiliza habari za Bath na za risasi bila kuacha kushona. Nilipomaliza alisema, “Ruzizi inaletaka matope wakati ya mvua. Muto yenye kutoka mu ziwa, ile matope itaitosha wapi?”

Ni hoja kamili. Ziwa hutuliza tope na kulizamisha, kwa hiyo mto unaotoka ziwani huanza ukiwa safi. Ruzizi unatoka safi huko juu, kwenye Ziwa Kivu, karibu mita 700 juu ya ziwa letu, lakini hadi utufikie umekusanya udongo wa milima na wa bonde, na mvua zikinyesha unapaka ziwa rangi ya kahawia hadi mbali. Sijaona hoja hiyo ya tope katika vitabu vyote nilivyosoma juu ya ugomvi ule. Niliiandika kwenye daftari, pembeni ya jina la Burton, nikaiwekea alama ya M.

Nisiwafiche: mengi ninayoyajua juu ya malipo ya kusoma sikuyapata kwangu, niliyaona kwa mama mdogo. Vita vya 1996 vilipoanza alivuka ziwa na watoto, akaishi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huo magharibi mwa Tanzania. Alikwenda hajui kusoma. Alijifunzia huko, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, kwa kidole, silabi kwa silabi. Wengi waliojifunza naye waliishia kwenye kusoma kadi ya chakula na majina ya dawa, na hayo si madogo. Yeye aliendelea. Mtu alimwazima Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 kuhusu msichana wa kisiwa cha Ukerewe na baba yake mkali, Zakaria, riwaya ambayo Tanzania iliwahi kuizuia mashuleni kabla haijawa kitabu cha kufundishia. Mama mdogo ilimchukua karibu mwaka mzima. Mpaka leo humzungumzia Zakaria kama shemeji aliyemkosea. Anasema alipofika katikati aliacha kuhesabu silabi bila kujua ameacha lini, kama mtu anayeshtuka kwamba jino lililokuwa linamuuma limetulia.

Miaka mingi nilidhani anasimulia tu kwa uzuri. Kisha nikasoma juu ya utafiti wa Stanislas Dehaene na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Science. Walipima ubongo wa watu wazima 63 wa Brazili na Ureno: wasiojua kusoma, waliojifunza utotoni, na waliojifunza wakiwa wamekua. Kusoma kulikuwa kumebadilisha namna ubongo unavyoshughulikia vitu vinavyoonekana na hata lugha inayosikika kwa masikio, na mengi ya mabadiliko hayo yalikuwapo pia kwa wale waliochelewa kuanza. Nilimweleza. Akaniuliza kwa nini iliwabidi watumie mashine, yeye angewaambia.

Kuna malipo mengine ambayo huja tu kwa mtu anayerudia. Livingstone, kabla Stanley hajamkuta, alikaa miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo huko Maniema, kwa sababu vidonda vya miguu vilimzuia kutembea. Ameandika kwamba alipokuwa Manyema aliisoma Biblia yote, mwanzo hadi mwisho, mara nne. Wasomaji wa siku hizi husikia hilo kama adhabu. Mimi nalisikia tofauti tangu niliporudi kwenye ukurasa wa kwanza wa Burton baada ya kuumaliza wa mwisho. Zile hesabu za shanga zilizonitoa mbio sasa zilikuwa na uhai: nilijua ni shanga zipi zingemaliza safari na zipi zingekataliwa njiani, kwamba kila mtawala ana rangi aipendayo, na kwamba mwenye msafara akikosea rangi hafiki. Kurasa zilikuwa zile zile.

Livingstone huyo huyo, mwaka 1871 huko Nyangwe, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino wa mimea, akikatiza mistari ya chapa. Humo aliandika habari za mauaji ya tarehe 15 Julai, siku ambayo wafanyabiashara wenye bunduki waliufyatulia risasi umati wa sokoni, wengi wao wanawake. Wino ulififia hata maandishi hayakusomeka. Mwaka 2011 watafiti walitoa maandishi hayo yakiwa yanasomeka tena, baada ya kuyapiga picha kwa mianga ya rangi nyingi, na yakaonekana hayafanani kila mahali na kitabu kilichochapwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Miaka 140 ukurasa ulikaa kimya, na bado haukuwa umemaliza kusema.

Na anayetaka upande wa pili, wa wafanyabiashara, hana haja ya Kifaransa. Mmoja wao, Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, kabla mzee huyo hajafa Zanzibar mwaka 1905. Ni kitabu kinachochosha kwa namna yake: pembe, deni, vita, pembe tena. Lakini ni Kongo ya mashariki, inasimuliwa na mtu aliyetajirika humo na kuiumiza, kwa lugha ambayo mama mdogo anaielewa. Baada yake ukichukua Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, utausoma msafara wa Aziz uliomo humo kwa macho mengine kabisa. Sifahamu njia ya mkato ya kuyapata macho hayo.

Nirudi ziwani. Kuanzia mwaka 2020 maji yalipanda. Aprili ile mto Mulongwe ulishuka usiku na mawe na miti, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi mno, na mwaka uliofuata ziwa lenyewe likaingia kwenye viwanja vya watu wa ufukweni. Nilisikia barabarani na kanisani kwamba jambo hili halijawahi kutokea. Wakati huo Burton alikuwa amenipeleka kwa Cameron na Stanley. Verney Lovett Cameron alifika Lukuga mwaka 1874, huko karibu na Kalemie, ambako ndiko ziwa hutolea maji yake kwenda Lualaba na mto Kongo. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta mlango huo umezibwa kwa matope na matete, na ziwa linapanda. Miaka michache baadaye kizibo kilipasuka, maji yakakimbia, ziwa likashuka mita kadhaa. Katika karne ya 20 lilipanda tena, na mwaka 1964 lilifika juu sana. Uvira kuna kituo cha utafiti wa maji na samaki tangu enzi za Wabelgiji, na kupimwa kwa ziwa hili si siri. Sehemu ya ardhi tunayouziana kwa hati na mihuri ziwa limeshaikalia, likaiacha, na huikumbuka.

Nilipomwambia Papa habari za 1964 alitikisa kichwa: alikuwa kijana, anakumbuka mahali mitumbwi ilipofungwa, na akaninyooshea kidole mti uliokuwa ndani ya maji. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wale waliojenga chini ya mti ule hawakuwa wamesoma wala kuuliza, na siwezi kuwalaumu, kwa kuwa mimi pia kabla ya kitabu kile nisingejua swali lenyewe ni lipi.

Mbalamwezi iliyopita tulimaliza sehemu ya Uvira kwa mara ya pili. Burton amegeuza mtumbwi, mvua inapiga, Kannena ananung'unikia malipo. Papa aliweka sindano ya nyavu chini.

“Na bale batoto batatu ya Maruta,” akasema, “kitabu inasema balienda wapi kisha?”

Nilitafuta ukurasa uliofuata, na mwingine. Walikuja, walisema kweli, na kitabu hakiwataji tena. Speke naye alitoa maelezo yake ya safari hiyo hiyo mwaka 1864, kwa Kiingereza, lugha ambayo sijaifikisha popote. Nimekwisha kuandika maneno kumi na manane ya ukurasa wa kwanza.

“Papa,” nikamwambia, “unipe miezi.”